Ukuta wa Jiko la Nyamizi

Nyamizi akishaamua jambo, watu wa Somanda wanajisogeza pembeni wampishe. Si kwamba ni mgomvi, hapana. Ni mwanamke wa maneno ya wazi na kicheko kikubwa, anauza mchele sokoni Bariadi, na mteja akithubutu kusema mchele wake una mawe anainamishiwa ungo palepale usoni. "Onyesha. Jiwe moja tu, nikulishe bure mpaka Krismasi." Hajatokea wa kuonyesha mpaka leo. Sasa mtu wa namna hiyo akikwambia anabomoa jiko lake, wewe utamwambia nini?

Na sababu alikuwa nayo. Sababu yenyewe ilikuwa inakohoa huko Sapiwi. Mama yake mzazi, bibi Milembe, amepika kwenye moshi tangu akiwa msichana, na sasa kifua kilikuwa kimefika mwisho. Daktari alimpima, akamsikiliza mgongoni, akasema bila kuzunguka: "Bibi, dawa nitakupa, lakini ukirudi kwenye moshi ni kazi bure. Moshi utakumaliza."

Kule Sapiwi bibi alikuwa anaishi kwa mwanawe wa kiume, Bujiku, kaka yake Nyamizi. Bujiku ni mtu mwema, mkewe pia, ila wanapikia vijiti vya pamba, na moshi wa vijiti vya pamba hauna adabu, unaingia mpaka chini ya blanketi. Nyamizi akampigia simu. "Kaka, mama anakuja kukaa kwangu. Hospitali iko jirani, na mimi namjengea jiko la gesi ndani ya nyumba."

Bujiku akaguna. "Mama akae kwa mkwe wake? Nyamizi, watu watasema nimemfukuza."

"Waseme. Mdomo si wao?"

"Haya, aje. Ila nakwambia mapema, siku akiniambia hana raha, namfuata, na wewe hutanizuia."

"Sitakuzuia," alisema Nyamizi, tena kwa haraka, maana moyoni hakuona mama yake atakosaje raha.

Jiko lake la zamani lilikuwa uani, kibanda cha matofali na bati, ndani kweusi kwa masizi. Ukiingia na gauni jeupe unatoka na la kijivu. Ndani ya nyumba, pembeni ya sebule, kulikuwa na stoo ya kuwekea magunia ya mchele. Hapo ndipo alipopachagua. Binti yake Lucy, anayesoma Dodoma, alikuwa amemjazia simu picha za majiko ya siku hizi: hayana ukuta, mama anakaanga vitunguu huku anaangalia taarifa ya habari na kupiga soga na wageni waliokaa kwenye makochi. Nyamizi alizitazama picha hizo mpaka akaziota.

Fundi aliitwa Constantine, mtu makini, penseli sikioni. Alisimama mbele ya ukuta uliotenga stoo na sebule, akaugonga kwa vidole. "Mama Lucy, nikuangushie wote au nikuachie nusu?"

"Fundi, mimi nina sura ya nusunusu? Angusha wote, mpaka chini."

Ukaanguka. Na kibanda cha uani nacho kikaanguka siku hiyohiyo, kwa sababu Nyamizi alisema hataki hata kukiona. Matofali yake yakapangwa kando ya ua. Halafu jiko likaanza kuota. Kaunta ya zege iliyovikwa marumaru nyeupe, sinki linalong'aa, bomba la kuzungusha huku na huku, makabati ya mbao, mtungi wa gesi umefichwa chini kama mtu mwenye aibu. Lilikuwa zuri, tuseme ukweli. Watu walikuja kulitazama wakavua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Jirani yake Mwanaasha, mwenye duka la vitambaa na vyombo, aliingia na mtandio wake, akalizunguka lote, akashika kiuno. "Shoga, hongera. Ila mimi jiko langu lina siri. Nikiunguza wali, nani ajue? Wewe ukiunguza, wageni wako wamekaa mstari wa mbele."

"Mimi siunguzi," alisema Nyamizi.

Mumewe, Novatus, hakusema mengi. Anafanya kazi kwenye kinu cha kuchambua pamba, na mtu anayeshinda kwenye kelele za mashine akifika nyumbani anataka utulivu. Aliuliza swali moja tu. "Mama atalala wapi?"

"Chumba cha nyuma."

Novatus akatazama ile nafasi kubwa iliyo wazi kutoka kwenye kochi lake mpaka kwenye sinki. "Sawa," akasema, akaenda kuoga.

Basi siku ikafika. Bujiku alimleta mama kwa gari la kukodi, akamshusha na kifurushi chake, akawahi kurudi. Nyamizi alipiga goti, akamwamkia mama yake kwa Kisukuma. "Mwadila, mayu!" Bibi Milembe akamshika kichwa kama alivyokuwa akimshika utotoni, wakaingia kwa mlango wa nyuma, moja kwa moja jikoni. Hapo bibi akafungua bomba. Akalifunga. Akalifungua tena, akacheka mpaka akakohoa, kisha akacheka tena. Alipapasa marumaru kwa kiganja. Alimwona Nyamizi anawasha gesi, moto wa bluu usio na moshi hata chembe, akatikisa kichwa, akamshukuru mwanawe. "Wabeja, ng'wanone. Wabeja sana." Akavuta kigoda, akataka apewe mchele auchambue, hawezi kukaa bure. Nyamizi alimtazama mama yake ameinama juu ya ungo kwenye jiko safi kama lile, akajisikia mtu aliyemaliza safari.

Ndipo mlango wa sebuleni ukafunguka, Novatus akaingia kutoka kazini.

Sasa, wewe kama ni Msukuma umeshashika kichwa. Kama si Msukuma, elewa hivi: mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Si chuki, ni heshima, na heshima kubwa. Wakikutana njiani, mmoja anaacha njia. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Wako wanaosema mambo hayo yamelegea, lakini bibi Milembe hakuwa mmoja wao, na Novatus wala hakuthubutu kumuuliza.

Walitazamana ana kwa ana. Bibi alivuta khanga kichwani, ungo ukamwaga mchele sakafuni, akageuka atafute ukuta wa kujificha nyuma yake. Hakukuwa na ukuta. Aligeuka kushoto, sebule. Akageuka kulia, sebule. Mwishowe alijibanza uso kwenye mlango wa kabati, mzee wa watu, mgongo umeinama, kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni. Novatus alirudi kinyumenyume kwa haraka mpaka kandambili moja ikabaki ndani. Jioni yote aliimalizia kwenye benchi la dukani kwa Mwanaasha.

Nyamizi alibaki amesimama katikati ya mchele. Mungu wangu. Yeye, Msukuma wa baba na mama, alisahau vipi? Lakini alisahau kwa sababu alikuwa hajawahi kulazimika kukumbuka. Miaka yote ya ndoa yake mama alikuwa akija mchana, anapita nyuma, anakaa kwenye kibanda cha uani, wanapika, wanapiga soga, kisha anaondoka. Kibanda kile chenye masizi kilikuwa kinaifanya kazi ya heshima kimyakimya, wala hakuna aliyekipa shukrani.

"Kwa nini hukuniambia?" alimuuliza mumewe chumbani.

"Nilidhani umeshafikiria," alisema Novatus. "Na mimi nitaanzaje kumzungumzia mama yako? Naona haya."

Zilizofuata zilikuwa siku za vichekesho, kama si za machozi. Novatus alianza kukohoa. Akikaribia mlango, anakohoa. Akivuka ua kwenda chooni, anakohoa. Akitaka maji ya kunywa kwenye nyumba yake mwenyewe, anakohoa kwanza kwa nguvu, anasubiri, ndipo anaingia akitazama miguu yake. Mwanaasha alimsikia siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu akamwonea huruma akaleta tangawizi na malimau. "Shemeji, hicho kifua kikaangaliwe. Hospitali si hapo tu?" Nyamizi akapokea tangawizi, afanyeje.

Bibi naye alijifungia chumba cha nyuma. Chakula alipelekewa huko. Anakula kidogo, anasema ameshiba. Yeye aliyezoea kuamka kabla ya kuku sasa alikuwa anakaa kitandani anasikiliza miguu ya watu. Jiko alilojengewa hakulikanyaga tena.

Nyamizi akanunua pazia. Alinunua zito, la rangi ya maziwa, kwa Mwanaasha huyohuyo, akalitundika kutoka ukingo hadi ukingo. Bibi akatoka, akasimama, akalitazama. Upepo ukapita mlangoni, pazia likapanda juu, na upande wa pili ikaonekana miguu ya Novatus imepumzishwa kwenye stuli. "Hapana, ng'wanone," alisema bibi kwa upole, akarudi chumbani. Nyamizi alitamani amkasirikie mtu, akakosa wa kumkasirikia.

Kilichomvunja moyo hasa kilikuwa siku aliyotoka sokoni mapema akaona moshi nyuma ya nyumba. Alikimbia, akidhani kunaungua. Akamkuta mama yake amepanga mafiga matatu kando ya ua, amewasha kuni za kuokota, sufuria ya viazi inachemka, naye amejipinda juu yake anakohoa kile kikohozi cha ndani kinachokata maneno.

"Mayu! Daktari alisemaje?"

Bibi alisubiri pumzi irudi. "Daktari hakuniambia nipike mbele ya mkwe wangu." Kisha akasema, bila hasira yoyote, "Nimeongea na Bujiku. Jumapili anakuja kunichukua. Mtoto wangu, jiko lako ni zuri. Zuri sana. Ila mimi sina pa kukaa ndani yake."

Nyamizi aliingia chumbani, akafunga mlango, akaogopa. Aliogopa kweli, yeye ambaye haogopi bwana afya wala wababe wa sokoni. Alimwona mama yake anarudi kwenye vijiti vya pamba, na alijua atamleta mjini mara ya pili akiwa kwenye machela. Na alikuwa amempa kaka yake neno lake kwamba hatamzuia. Akafuta uso, akampigia Constantine.

"Fundi, njoo urudishe ukuta."

"Ukuta upi, mama Lucy?"

"Ule ule."

"Mama Lucy, lakini lile ndilo jiko la kisasa. Watu wananipigia simu wanataka kama lako."

"Wajengee hao. Mimi nijengee ukuta."

Tatizo Constantine alikuwa Kalemela, amebeba nyumba ya watu kuanzia msingi, hatoki huko mpaka apaue. Jumapili ilikuwa inakuja. Nyamizi alizunguka sokoni akitafuta fundi mwingine, kila mmoja ana kazi yake, kila mmoja anasema wiki ijayo. Jumamosi asubuhi alipotoka uani alimkuta Novatus amevaa suruali ya kazi, amesimama mbele ya matofali ya kile kibanda.

"Matofali yapo," alisema. "Simenti ilibaki."

"Baba Lucy, wewe umewahi kujenga?"

"Nimeona watu wakijenga."

Nyamizi alimtazama mume wake mpole. Akavua viatu, akaanza kukoroga udongo wa simenti.

Wakaanza. Marumaru nyeupe ikang'olewa mahali ukuta ulipopita, kaunta ikakatwa, na kila Nyamizi aliposikia mlio wa nyundo alikunja uso lakini hakusimamisha kazi. Bibi alibaki chumbani kwake mpaka ukuta ulipozidi kichwa cha mtu aliyekaa. Hapo wakasikia kigoda kinaburuzwa. Alikuwa ameingia jikoni, akaketi chini, upande wake, begani ana vumbi la simenti.

"Nyamizi," aliita. "Mwambie mwenye nyumba tofali la kona limelala vibaya."

Novatus alikuwa hatua moja kutoka hapo, alisikia vizuri kabisa. Lakini Nyamizi akageuka akasema, "Mwenye nyumba, unaambiwa tofali la kona limelala vibaya."

"Mwambie nashukuru," alisema Novatus, akalinyanyua tofali.

Wakaenda hivyo, Nyamizi akiwa mjumbe kati ya watu wawili waliotengwa na tofali moja. Mwambie ukuta unaegemea kwake. Mwambie nauona. Maji ya udongo yamezidi. Mwambie ni mtoto wake anayezidisha. Mpaka Nyamizi akachoka, akatoka kwenda kuchota mchanga. Aliporudi na ndoo kichwani akasimama mlangoni, hakuingia.

Mama yake alikuwa anazungumza, na hapakuwa na mtu wa kupitishia maneno.

"Baba, umekula?"

Novatus alikuwa ameshika tofali hewani. Miaka ishirini na kitu amemwoa mtoto wa yule mama, na hilo ndilo neno la kwanza aliloambiwa naye moja kwa moja. "Sijala, mama," alijibu, akalishusha tofali.

"Kumbe huyu mwanangu anakujengesha na njaa? Amejifunza wapi hayo?"

Nyamizi alishusha ndoo kimya. Bibi alisimama, mgongo kwa ukuta, akawasha gesi peke yake, mara ya kwanza ikamshinda, mara ya pili ikawaka. Akasonga ugali, akapika mlenda na dagaa. Na Novatus, bila kuambiwa na mtu, akaruka nafasi ya matofali mawili juu kidogo ya kaunta, akajenga juu yake, akaacha kidirisha. Chakula kilipoiva, mkono wa mzee ukatokea pale na sahani. Ni mkono tu, na kipande cha khanga. Novatus alipokea kwa mikono yake miwili iliyojaa simenti, akakaa chini akala, na upande wa pili bibi naye akakaa akala. Ukuta mmoja, migongo miwili. "Wabeja, mayu," alisema Novatus alipomaliza, na alilamba vidole, nadhani alilia pia, lakini alisingizia vumbi.

Ukuta ulifika juu jioni. Jamani, ulikuwa mbaya. Katikati umevimba, juu umerudi nyuma, na kidirisha kimelala upande. Mwanaasha alikuja, akainamisha kichwa ili auone umenyooka, akashindwa. "Shoga, ukuta huu umelewa?"

"Umelewa, na kazi unafanya," alisema Nyamizi, na kwa mara ya kwanza tangu gari lile la kukodi limshushe mama yake, alicheka kicheko chake kile kikubwa.

Lakini Jumapili ilikuwa bado haijafika. Kupika mara moja si kuhamia, Nyamizi alilijua hilo. Bujiku alikuja baada ya misa, na gari linamsubiri nje, akakaa kwenye kochi amevaa shati la kanisani. Novatus alikaa mbele yake. Nyamizi alisimama, mikono amekunja kifuani, midomo ameibana. Neno lake alilitoa, na halirudishwi. Hakuwa amewahi kunyamaza hivyo tangu azaliwe, na iliuma kama jino.

"Mayu!" aliita Bujiku. "Jiandae, twende nyumbani."

Kutoka jikoni yakasikika maji ya bomba. Yakafungwa.

"Bujiku."

"Naam, mayu."

"Umekuja na kuku wangu?"

Bujiku alimtazama dada yake, akamtazama shemeji yake. "Kuku? Kuku wako nyumbani, mayu. Mimi nimekuja kukuchukua wewe."

"Sasa wewe unakuja Bariadi na gari zima halafu unaacha kuku wangu huko wanapotea? Kesho uwalete. Wote. Na yule mwenye vifaranga umfunge taratibu, ana hasira."

Jambo lile lilimwingia Bujiku polepole, na uso wake ukaonyesha kwamba limemwuma, mtoto wa kiume kuachwa na mama yake. "Kwa hiyo, mayu," alisema, "kwangu hurudi tena?"

"Kwako nitakuja kusalimia," alisema bibi Milembe, na mkono wake ukatokea kwenye kidirisha na sahani ya ugali. "Kula kwanza, ndipo uende."

Nyamizi alilia palepale mbele ya watu wote, tena kwa sauti. Kisha akaipokea ile sahani, akamwekea kaka yake mezani, akaenda kumtafutia kijiko.